Kivu: Mtoto anayechagua kemia asikatazwe, lakini chuo kionyeshe laboratwari yake

Kila mwaka, kisha matokeo ya egzetati kutoka, mazungumzo ni yale yale katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu, Uvira na Butembo. Mtoto amepata asilimia zake, familia inahesabu pesa, na swali linakuja: atasoma nini? Mjomba anasema sheria. Jirani anasema afya ya jamii, juu mashirika yanaajiri. Mwingine anasema informatike. Mtoto akisema kemia, watu wananyamaza kidogo, kisha mmoja anauliza: "Sasa hiyo kemia utaikula namna gani?"

Swali hilo si la ujinga. Mzazi aliyekimbia Masisi ao Kalehe, akaacha shamba na ngombe na nyumba, hana pesa ya kutupa kwa miaka mitatu. Anaishi kwa ndugu ao kwa watu waliomhurumia, na minervali ya mtoto mmoja inaweza kuwa chakula cha wengine wanne. Ana haki ya kuuliza.

Lakini kuna jibu, na linafaa kusemwa wazi. Kusoma kemia katika chuo kidogo cha hapa Kivu ni njia nzuri, na wakaaji wa hapa wanaihitaji kuliko wengi wanavyofikiri. Kuna sharti moja tu: mwanafunzi apime kwa mikono yake. Kemia ya kunakili kwenye tablo, bila chupa wala mizani, haistahili pesa ya mtu yeyote, na zaidi pesa ya mtu aliyekimbia vita.

Kemia iliyo ndani ya bidoni

Mwezi wa kwanza 2025, vita ilipoingia Goma, umeme ulikatika na maji ya bomba nayo yakakatika. Watu wengi walishuka ziwani na bidoni zao. Goma inajua hatari ya maji yasiyotiwa dawa. Mwaka 1994, kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi waliotoka Rwanda, kwa muda wa wiki chache tu.

Pembeni ya ziwa na kwenye vituo vya kuchotea maji, vijana wa kujitolea wanatia klore katika kila bidoni kwa sindano. Mpita njia anaona ni kazi ya kusukuma sindano na kusema "ifuatayo". Lakini ndani ya sindano ile kuna hesabu.

Tuseme dawa imetayarishwa kwa asilimia 1. Maana yake kila mililita moja ina miligramu 10 za klore. Bidoni ni ya lita 20. Maji yakiwa masafi kwa macho, mtu anataka miligramu 2 kwa kila lita, yaani miligramu 40 kwa bidoni nzima. Basi ni mililita 4 za sindano. Maji yakiwa na udongo, kipimo kinaongezwa mara mbili, juu uchafu wenyewe unakula klore kabla haijafikia mikrobi. Mtu anangoja dakika 30, kisha anapima kinachobaki: inafaa kubaki kati ya miligramu 0,2 na 0,5 kwa lita. Ikibaki chini ya hapo, maji hayana ulinzi njiani kuelekea nyumbani. Ikizidi sana, yananuka, mama anayamwaga na kurudi kuchota ya ziwa jinsi yalivyo.

Hesabu hiyo ni ya mwaka wa kwanza wa kemia. Sasa nani ataifanya upya siku mvua imenyesha na mto umekuwa mwekundu? Nani atajua kwamba unga wa klore ulioachwa wazi kwenye joto umepoteza nguvu, hata kama ndoo ingali imejaa? Nani atamkataza dada wa usafi kuchanganya javeli na asidi ya kusafishia choo, juu mchanganyiko huo unatoa gazi ya sumu? Mashirika yanapokuja, yanaleta mtu wa kujua hayo. Mashirika yanapoondoka, mtu huyo anaondoka nayo. Kijana wa hapa aliyesoma kemia anabaki.

Kemia iliyo ndani ya unga wa muhogo

Kuna ugonjwa unaoitwa konzo. Unalemaza miguu yote miwili kwa ghafla, na hauponi. Unashika hasa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Katika Kongo uliandikwa kwa mara ya kwanza na munganga Trolli mwaka 1938, upande wa Kwango. Katika Kivu Kusini pia umeonekana, eneo la Burhinyi, na watafiti waliouandika waliuunganisha na maisha ya vita.

Vita inahusiana nini na muhogo? Muhogo mchungu una kitu kinachoitwa linamarini. Muhogo ukilowanishwa siku tatu ao zaidi kisha ukakaushwa vizuri kwa jua, linamarini inavunjika, sianidi inatoka, inaenda na maji na hewa. Mama zetu wanajua kazi hiyo tangu zamani. Lakini mama anayekimbia hana siku tatu. Hana pipa, ao mto uko mahali pasipo na usalama, ao watoto wamelala njaa tangu jana. Anapunguza siku, muhogo unasagwa mapema, na sumu inabaki ndani ya fufu. Kama familia haipati maharagi, samaki wala nyama kwa wiki nyingi, mwili unakosa kile kinachosaidia kuondoa sumu hiyo. Hapo ndipo konzo inapoingia.

Mtaalamu wa kemia, Howard Bradbury, wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, alifundisha njia rahisi ambayo imetumiwa upande wa Kwango. Unga unachanganywa na maji, unatandazwa kwa safu nyembamba, unaachwa saa mbili juani ao saa tano kivulini. Gazi ya sianidi inatoka yenyewe. Unga unapikwa siku ile ile. Njia hiyo haiombi umeme wala mashine. Kuna pia vikaratasi vya manjano vya pikrati vilivyotayarishwa kwa kazi hiyo: kimoja kinawekwa ndani ya chupa ndogo pamoja na unga, na kadiri kinavyogeuka rangi ya kahawia ndivyo sumu ilivyo nyingi.

Kazi ya namna hiyo inaweza kufanywa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo chenye vyumba sita. Akienda sokoni, akanunua unga kwa wauzaji kumi na kuupima, ameandika kazi ya mwisho wa masomo inayoweza kuokoa miguu ya mtoto. Hiyo inapita kazi ya kurasa sitini iliyonakiliwa kwa kazi ya mwingine.

Kemia iliyo chini ya miguu

Wakaaji wa magharibi ya Goma, upande wa Bulengo na Lac Vert, wanajua neno mazuku. Ni mahali pa chini ambapo mbuzi anakutwa amekufa asubuhi bila kidonda. Wengine wanasema ni uchawi. Mwanafunzi wa kemia anajua kwamba ni gazi kaboniki inayotoka ardhini, sehemu ya volkeno. Ina uzito wa mara moja na nusu kuliko hewa, basi inajaa kwenye mashimo kama maji yanavyojaa beseni. Usiku na asubuhi, upepo ukiwa haupo, inabaki pale. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupumua, na mtoto aliyelala kwenye turubai chini akakosa hewa.

Familia zilizokimbia ziliwahi kuwekwa mahali kama hapo, juu ndipo nafasi ilipopatikana. Kisha kambi nyingi za pembeni ya Goma zilivunjwa mwezi wa pili 2025, na watu wakatawanyika tena kutafuta mahali pa kulala. Kujua kwamba hewa mbaya inakaa chini, na kwamba kitanda cha mti chenye kimo kinasaidia lakini hakitoshi mahali pa mazuku, ni elimu ambayo mwalimu mmoja wa kemia anaweza kuwapa wanafunzi mia mbili kwa mwaka mmoja. Wanafunzi hao watairudisha nyumbani.

Mwalimu huyo huyo ataeleza kwa nini mvua ya pembeni ya Nyiragongo inaweza kubeba asidi na fluori, kwa nini watoto wa maeneo fulani ya volkeno wanakuwa na meno ya kahawia, na kwa nini kuchemsha maji kunaua mikrobi bila kuondoa fluori hata kidogo.

Chuo kidogo kina faida yake

Watu wengi wanadharau ISP na vyuo vidogo. Wanasema kemia ya kweli iko Kinshasa na Lubumbashi. Ni kweli kwamba vyuo vikuu hivyo vina majina na vyombo vingi. Lakini mtoto wa Kivu anayefika huko anahitaji tikiti ya ndege, nyumba ya kupanga na mtu wa kumtazama. Kwa familia nyingi hilo haliwezekani, na tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe mwanzoni mwa 2025 limekuwa gumu zaidi.

Chuo kidogo kina kitu ambacho auditware ya watu mia tano haina. Darasa la kemia linaweza kuwa na wanafunzi kumi na wawili. Mwalimu anajua jina la kila mmoja. Anaona nani hajaelewa mole, nani anaogopa hesabu, nani ameacha kuja tangu wiki iliyopita na kwa nini. Mwanafunzi akikosea kusawazisha ekwasyo, anasahihishwa siku ile ile. Na kama kuko bureti mbili tu, kila mtu atazishika. Katika kundi kubwa, wenye kukaa mbele wanashika na wengine wanachungulia.

ISP ziliundwa kwa kutoa walimu wa masomo ya sekondari, na mara nyingi kemia inafundishwa humo pamoja na biolojia. Tangu mpango wa LMD uanze kutumiwa katika inchi, lisansi ni miaka mitatu na kredi 180. Kwa kawaida mwaka wa kwanza unajenga msingi: atomu, jedwali la Mendeleev, soluti, hesabu. Baadaye inakuja kemia ya oganiki, kemia ya kupima na kuchambua, kemia ya mwili wa viumbe, stage na kazi ya mwisho. Ni masomo magumu. Mtoto aliyekimbia hesabu katika sekondari atateseka, na mzazi aambiwe hivyo mapema.

Ubaya uko wapi

Sasa lazima kusema ukweli wa upande wa pili. Si chuo kimoja tu ambamo mwanafunzi anamaliza miaka yake bila kushika pipeti. Anaandika kwenye daftari kwamba fenolftaleini inageuka rangi ya waridi, na hajaiona hata siku moja. Pesa za kazi ya mikono zinaombwa pamoja na minervali, risiti inatolewa, na mlango wa laboratwari unabaki na kufuli. Wakubwa wa vyuo wanajibu kwamba vita imeharibu vyombo, kwamba serkali haileti kitu, kwamba benki zilifungwa, kwamba dawa za kemia hazipiti mpakani kwa urahisi.

Sababu hizo ni za kweli. Hata hivyo hazitoshi kueleza kila kufuli. Kuna kemia nyingi inayowezekana kwa vitu vya soko. Siki inaweza kupimwa kwa soda, na sindano za plastiki zikachukua nafasi ya bureti. Maua mekundu ya bisapu yakichemshwa yanatoa maji yanayobadilika rangi mbele ya asidi na mbele ya majivu. Kutengeneza sabuni ni somo zima la kemia ya oganiki: kilo moja ya mawese inahitaji karibu gramu 140 za soda kali, na anayezidisha soda bila kupima anauza sabuni inayokula ngozi. Mwalimu anaonyesha pia kanuni za usalama: soda inatiwa ndani ya maji polepole, hakuna kumwaga maji juu ya soda, macho yakingwe, mlango uwe wazi.

Mwalimu akiwa na hamu, na chuo kikamlipa kwa wakati, vitu hivyo vinafanyika kwa pesa kidogo. Chuo kikikataa hata hivyo, basi shida yake haianzi na vita.

Na kazi je?

Kazi kubwa ya anayemaliza kemia katika chuo kidogo ni ualimu. Kila mtu hapa anajua hali ya walimu: wengi walifanya miaka bila kulipwa na serkali, wakiishi kwa prime ya wazazi. Kumficha mtoto jambo hilo ni kumdanganya. Mwenye kutafuta pesa ya haraka, kemia si njia yake.

Lakini ualimu si mlango pekee. Bukavu imejua kwa miaka mingi Pharmakina, kiwanda kinachotoa kinini katika maganda ya miti ya kinkina. Kazi yake ni kemia tangu ganda linaposagwa. Viwanda vya bia vina watu wa kupima maji na pombe kila siku. Huduma za maji, hospitali na maabara za udongo zinahitaji mikono inayojua kupima bila kubahatisha. Mbali zaidi, Kolwezi na Likasi, shaba na kobalti zinatolewa katika mawe kwa asidi, na Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Anayetaka kuendelea ana njia ya masta, ao ya famasia na sayansi ya chakula akikubaliwa. Na kuna wale wanaoanza na sabuni na javeli katika ua wa nyumba, wakaziuza mtaani. Aliyesoma ana faida moja juu ya wengine: chupa yake ina nguvu ile ile leo na kesho, na wanunuzi wanagundua hilo mapema.

Ni kweli pia kwamba sheria na uongozi vinatoa watu wengi kila mwaka wanaotafuta viti vile vile. Mwalimu mzuri wa kemia, katika vijiji vya Walungu ao Rutshuru, ni mtu anayetafutwa, na kuna masomo ambamo mwalimu wa biolojia ao wa jiografia ndiye anayelazimishwa kuifundisha.

Kila mtu na sehemu yake

Mzazi, kabla ya kulipa kipande cha kwanza cha minervali, aende mwenyewe chuoni pamoja na mtoto. Aombe kuona laboratwari. Aulize: wanafunzi wa mwaka jana walifanya kazi ngapi za mikono? Nani anazisimamia? Ziko wapi daftari zao? Maji yanatoka? Mtu akichomwa na asidi, atanawa wapi? Chuo cha kweli hakikasirikii maswali hayo. Chuo kinachokasirika kimekwisha kujibu.

Wakubwa wa vyuo wafanye mambo matatu yasiyongoja mfadhili. Wafungue mlango kwa siku zinazojulikana na kuandikwa ukutani. Wakubali kwamba mtoto wa familia iliyokimbia alipe kwa vipande, na aliyepoteza karatasi zake njiani apewe muda wa kuzitafuta akiwa anasoma. Kisha watoe wanafunzi nje: kwenye bomba, sokoni kwa wauza unga, kwenye masomo ya msingi yanayokusanya maji ya mvua. Wakipima klore ya bidoni hamsini kila mwezi na kuwapa wakuu wa mitaa matokeo, watakuwa wamejifunza kuliko kwa tablo, na mtaa utakuwa umepata ulinzi.

Mashirika yanayoleta klore kwa tani yakumbuke kwamba vibomba vichache vya kupimia na sanduku la vidonge vya majaribio, vikiachwa katika chuo cha karibu, vinaendelea kufanya kazi kisha mradi kuisha.

Na kijana mwenyewe, msichana ao mvulana, asichague kemia juu ya kukosa nafasi mahali pengine. Achague kama anapenda kujua kilicho ndani ya kitu, na kama yuko tayari kurudia kipimo mara tatu bila kuchoka. Wasichana wasitishwe na wanaosema kemia ni ya wanaume. Katika nyumba zetu, anayepima chumvi, anayelowanisha muhogo na anayetia klore katika bidoni ni nani kila siku?

Watu waliopoteza nyumba na mashamba wamebakiwa na wanachokijua. Maji watakayokunywa wiki hii na unga watakaopika leo jioni vina mambo ambayo macho hayaoni, na mtu wa kuyapima anapatikana kwa miaka mitatu ya kazi katika chuo kidogo chenye laboratwari iliyo wazi. Maandikisho yakianza, mzazi aanzie kwenye mlango huo wa laboratwari, ndipo apite kwenye dirisha la malipo.